Gazi lazima irudi yenyewe: tuchunge kable ya pikipiki zetu

Karibu kila kundi letu lina pikipiki inayolitumikia. Moja ni ya mama aliyeinunua kwa pesa ya likelemba na kumpa motari aitembeze. Nyingine ni ya kundi zima, inabeba mihogo na maharagwe hadi sokoni. Nyingine tena ni ile ya zamani ya kituo cha afya au ya parokia, Yamaha AG 100 yenye kibebeo mbele na nyuma. Rangi yake imetoka, lakini ingali inapanda milima. Mama akishikwa na uchungu usiku, mara nyingi ndiyo hiyo inayoitwa kwanza.

Tumezoea kuuliza habari za pine, freni na esansi, na ni vizuri. Lakini kuna kitu kimoja ambacho wachache wanakiuliza, nacho ni kable ya gazi. Ni ule waya unaotoka kwenye mpini wa kuume, ule ambao motari anauzungusha ili pikipiki ikimbie, hadi kwenye karburateri. Ni waya mwembamba, na bei yake ni ndogo kuliko ya pine moja. Hata hivyo, ukikwama wakati gazi iko wazi, pikipiki inaendelea kukimbia hata motari akiachilia mkono. Kwenye mteremko wa Ngomo, kati ya Bukavu na Uvira, au mbele ya soko lililojaa watu, hiyo ni hatari ya kifo.

Hatuombi kila mama awe fundi. Tunaomba kila mama ashike kanuni moja: gazi lazima irudi yenyewe. Ukiifungua na kuiachilia, inapaswa kujifunga mara moja bila kusaidiwa na mkono. Isiporudi, pikipiki haiondoki.

Kable inafanyaje kazi?

Tazama freni ya mkono ya baiskeli. Ndani kuna waya wa chuma uliosokotwa kwa nyuzi nyembamba nyingi. Nje kuna ganda gumu. Ganda linakaa mahali pake, waya wa ndani ndio unaovutwa. Ernest Monnington Bowden wa London alipewa hati ya uvumbuzi wa kable ya namna hii mwaka 1896, na mpaka leo ndiyo tunayoiona kwenye baiskeli na pikipiki nyingi.

Juu, waya umeshikwa na mpini wa gazi. Chini, unaingia kwenye kifuniko cha karburateri, unapita katikati ya resori, na kushika kizibo cha duara kinachopanda na kushuka. Motari akizungusha mpini, waya unavuta kizibo juu, hewa na esansi vinaingia kwa wingi, moteri inapata nguvu.

Sasa angalia jambo hili, maana ndilo kubwa. Waya unaweza kuvuta, lakini hauwezi kusukuma. Motari akiachilia mpini, ni resori peke yake inayorudisha kizibo chini. Resori hiyo haina nguvu nyingi. Kitu chochote kinachoushika waya njiani kinaweza kuishinda: vumbi, kutu, uzi mmoja uliokatika, ganda lililokunjika, au tangi lililoibana kable. Ndiyo sababu kable haichungwi kwa ajili ya kukimbia. Inachungwa kwa ajili ya kusimama.

Dalili ambazo kable inatoa

Kable kwa kawaida haifi ghafula. Inasema kwanza. Zisikilize dalili hizi:

Mpini umekuwa mzito kuliko zamani, hasa asubuhi ya baridi.

Mpini unarudi polepole, au unabaki nusu, na motari ameanza kuurudisha kwa mkono. Motari akizoea kufanya hivyo, hata hasemi tena. Mwulize.

Mpini unazunguka sana kabla moteri haijaitika. Kable imelegea.

Moteri inapiga kelele zaidi unapogeuza gidoni upande mmoja. Kable ni fupi, au imepitishwa mahali pabaya.

Kwenye ncha ya waya unaona nyuzi zilizokatika, zimesimama kama nywele. Hapa hakuna cha kurekebisha. Kable hiyo ni ya kutupwa.

Uchunguzi wa dakika tano

Mama anaweza kuufanya hata kama hajui kuendesha. Kwanza pikipiki isimame pahali pa sawa, moteri ikiwa imezimwa. Watoto wakae mbali. Uchunguzi una hatua nne.

Hatua ya kwanza ni kusikiliza. Fungua gazi yote, kisha achilia mara moja. Unapaswa kusikia “ta!” ndogo kutoka karburateri. Ni kizibo kimefika chini. Ukikosa kuisikia, au ikichelewa, kuna kitu kinashika.

Hatua ya pili ni kugeuza. Peleka gidoni kushoto mpaka mwisho, fungua na kuachilia. Peleka kuume mpaka mwisho, fungua na kuachilia. Pande zote mbili mpini urudi kwa nguvu ileile.

Hatua ya tatu ni kupima ulegevu. Zungusha mpini polepole sana. Kabla waya haujaanza kuvuta kizibo, mpini unapaswa kusogea kidogo bure. Ukipima kwenye ukingo wa mpini, kwa pikipiki nyingi ulegevu huo ni milimita 3 hadi 5. Kama huna rula, ni karibu unene wa vijiti viwili vya kiberiti vikiwekwa pamoja. Ukiwa mkubwa sana, gazi inachelewa. Ukikosekana kabisa ni vibaya zaidi, maana waya uliokazwa kupita kiasi unashikilia kizibo juu na kukizuia kufika chini.

Hatua ya nne ni kuwasha. Mtu anayejua pikipiki awashe moteri, gia ikiwa huru, aiache kwenye ralanti mpaka ipate joto. Kisha ageuze gidoni polepole kushoto na kuume. Sauti ya moteri isibadilike. Ikipanda upande mmoja, zima, na usikubali mtu apande mpaka kable imeangaliwa. Pikipiki ya namna hiyo inajiongezea gazi yenyewe kwenye kona.

Kurekebisha ulegevu

Kazi hii inahitaji kle mbili ndogo, mara nyingi za 8 au za 10, na kitambaa. Usifanye karibu na mbabula yenye makaa wala mtu anayevuta sigara, maana karburateri ina esansi.

Tanguliza ralanti. Moteri ikiwa na joto, visi ya ralanti iliyo ubavuni mwa karburateri irekebishwe mpaka moteri itulie. Ukianza na kable kabla ya ralanti, utafanya kazi mara mbili.

Kisha tafuta mahali pa kurekebishia kable. Kwa kawaida pako pawili: juu karibu na mpini, na chini juu ya kifuniko cha karburateri. Mara nyingi pamefunikwa na mpira mdogo, uvute pembeni. Utaona bomba dogo lenye meno kama ya visi, na ekru inayoifunga.

Legeza ekru. Ukizungusha bomba kulitoa nje, ganda la kable linakuwa kama limeongezwa urefu, na ulegevu unapungua. Ukilirudisha ndani, ulegevu unaongezeka. Mahali pa chini ni pa kurekebisha kwingi, pa juu ni pa kumalizia kidogokidogo. Zungusha nusu mzunguko, pima, zungusha tena. Ukifika kwenye milimita 3 hadi 5, kaza ekru, rudisha mpira mahali pake kuzuia maji, kisha rudia uchunguzi wote toka mwanzo.

Bomba likiwa limetoka karibu lote nje na ulegevu bado ni mkubwa, usilazimishe. Waya umenyooka kwa uzee, au nyuzi zimeanza kukatika ndani. Ni wakati wa kununua nyingine.

Kuipa kable mafuta

Kable ngumu ambayo nyuzi zake ni nzima inaweza kupona kwa mafuta. Itoe juu kwenye mpini na chini kwenye karburateri, ili uchafu usiangukie ndani. Funika tundu la karburateri kwa kitambaa safi. Chukua sashe ndogo ya plastiki, toboa pembe yake, pitisha ncha ya juu ya kable, na uifunge kwa utepe wa mpira wa chambre à air. Itundike wima. Mimina ndani mafuta mepesi ya moteri, kijiko kimoja au viwili, uache usiku kucha. Asubuhi sogeza waya juu na chini. Yakitoka chini meusi, ongeza mpaka yatoke masafi. Futa ncha vizuri kabla ya kurudisha.

Mafuta ya mawese hayafai. Yanaganda baridi ikija, na kwenye miinuko kama ya Lubero au Kabare asubuhi si ya joto. Yanashika vumbi pia. Grisi nzito nayo haifai ndani ya kable, pakaa kidogo tu kwenye kichwa cha waya kinachozunguka ndani ya mpini. Na kable nyingine mpya zina plastiki laini ndani na hazihitaji mafuta. Mwuzaji aulizwe.

Kuweka kable mpya

Kazi hii ni ya fundi, au ya mama aliyejifunza. Lakini mwenye pikipiki ajue mambo ya kusimamia.

Linganisha kable mpya na ya zamani kabla ya kulipa. Ganda liwe na urefu uleule, na waya unaotokeza nje uwe na urefu uleule. Kable fupi kidogo inaweza kuingia kwa nguvu leo, kesho ikafungua gazi yenyewe gidoni ikigeuzwa.

Kabla ya kutoa ya zamani, funga kamba kwenye ncha yake. Ukiivuta, kamba inafuata njia ileile chini ya tangi, na kamba hiyo itaiongoza mpya. Kable isipite karibu na bomba la moshi, isibanwe na tangi, isikunjwe kona kali mbele ya gidoni.

Kizibo cha karburateri kina mfereji mmoja mrefu ubavuni. Mfereji huo lazima uingie kwenye pini ndogo iliyo ndani ya karburateri. Kizibo kikiingizwa kimegeuka, hakifiki chini, na moteri ikiwashwa inalia kwa nguvu yote papo hapo. Kwa sababu hiyo, usiruhusu pikipiki iwashwe baada ya kazi hii kabla hujasikia ile “ta!” kwa masikio yako.

Na hili la mwisho: waya wa gazi haufungwi mafundo, wala haubadilishwi kwa waya wa freni ya baiskeli uliofungwa kwa visi. Fundi anaweza kusema itafika. Inaweza kufika. Lakini kichwa hicho cha visi kinaweza kushika mahali ambapo hakipaswi kushika, na atakayekuwa juu ya pikipiki siku hiyo ni mtoto wako.

Pikipiki za zamani zinazokula mafuta

AG 100 na ndugu zake wa zamani zina jambo la ziada. Moteri yao inachoma mafuta pamoja na esansi. Mafuta yako kwenye kopo lake, na pampu ndogo inayapeleka kwenye moteri. Kwa hiyo kable ya gazi inagawanyika njiani: tawi moja linaenda karburateri, tawi la pili linaenda pampu ya mafuta. Motari akifungua gazi, pampu nayo inafungua.

Fundi asiyejua anarekebisha tawi la karburateri na kusahau la pampu. Pikipiki inakimbia vizuri, kila mtu anafurahi. Lakini pampu haifunguki inavyopaswa, mafuta yanakuwa machache, na siku ya mlima mrefu pistoni inakwama ndani ya silinda. Kwa kable ya pesa ndogo, kundi linalipa moteri. Pampu ikifungua kupita kiasi, utaona moshi mwingi mweupe-buluu na bujii inayochafuka kila mara.

Kwenye gurudumu dogo la pampu kuna alama, na alama hiyo lazima ilingane na alama nyingine kama kitabu cha pikipiki kinavyoeleza. Mwulize fundi: “Alama za pampu umeziangalia?” Asipoelewa swali, tafuta mwingine. Na kama pampu iliondolewa zamani, mafuta lazima yachanganywe na esansi kila mara tangi linapojazwa. Jambo hilo liandikwe kwenye tangi, ili motari mpya asiliharibu kwa kutojua.

Mizigo na mapambo

Mara nyingi kable inaumizwa na sisi wenyewe. Mfuko wa unga unaotundikwa kwenye gidoni unavuta kable na kuibana. Mizigo ikae kwenye kibebeo. Vijana wanapenda kuzungushia mpini utepe, manyoya au kipande cha mpira. Kikifika kwenye kiungo cha gazi, kinashika. Mpini mpya nao usisukumwe mpaka ugusane na kiungo hicho. Na pikipiki ikianguka, hata kama hakuna aliyeumia, uchunguzi wa dakika tano ufanywe palepale, maana gidoni iliyopinda inaweza kusugua mpini.

Gazi ikikwama njiani

Hapa kila motari wa kundi ajibu bila kufikiri, na ajizoeze pikipiki ikiwa imesimama.

Kwanza avute ambrayaji kwa mkono wa kushoto na asiiachilie. Moteri italia sana, lakini gurudumu halitasukumwa tena. Papo hapo azime moteri kwa kitufe cha kuzimia, au kwa kontakti. Akitumia funguo, asiigeuze hadi mahali pa kufunga gidoni. Kisha afunge freni zote mbili, bila kukamata ghafula, na kutoka pembeni mwa njia. Asiwashe tena mpaka gazi inarudi yenyewe.

Mama aliyepanda nyuma akae wima, ashike kibebeo, mtoto akiwa amefungwa vizuri mgongoni. Asiruke, wala asimvute motari mkono. Mkono huo wa kushoto ndio unaowaokoa.

Kable ikikatika kabisa, resori inafunga gazi na pikipiki inabaki kwenye ralanti. Hiyo ni afadhali kuliko kukwama, lakini usiku, mbali na kituo cha afya, na mgonjwa nyuma, ni taabu. Kwa hiyo pikipiki inayobeba wagonjwa iwe na kable ya pili daima, iliyokunjwa kwa duara kubwa ndani ya sashe, pamoja na pinse na kle mbili. Motari mwingine mzoefu anaifunga kabisa kando ya ile inayofanya kazi, tayari kwa kuunganishwa.

Namna ya kuanza katika kundi

Chagueni mama mmoja wa kuangalia pikipiki kila juma, kabla ya siku ya soko. Awe na daftari lenye mistari mitatu tu: gazi inarudi, ulegevu unafaa, kable haina nyuzi zilizokatika. Aandike tarehe. Motari asilione jambo hili kama mashaka juu yake. Aambiwe kwa upole: “Mwanangu, zima kwanza, tuangalie gazi pamoja.” Maisha ya kwanza yanayolindwa ni yake.

Wekeni pesa kidogo ya kable kwenye kisanduku cha kundi, isiyoguswa kwa jambo lingine. Na kama binti wa kundi anapenda kazi ya mikono, mpelekeni karibu na fundi mwema ajifunze. Kable ni mlango mzuri wa kuanzia garaji: haihitaji nguvu, inahitaji macho, masikio na uvumilivu.

Maswali ya kuzungumza kwenye mkutano

1. Pikipiki tunayoitegemea, gazi yake inarudi yenyewe gidoni ikiwa kushoto na ikiwa kuume? Nani aliiangalia mara ya mwisho?

2. Motari wetu akigundua kable imeanza kukatika, ana uhuru wa kusimamisha kazi siku hiyo bila kudaiwa pesa ya siku?

3. Tukiitwa usiku huu kumpeleka mama anayezaa, kable ya pili iko wapi?